Jina Nililolikata

Somo la kwanza studioni halikuwa la kusema. Lilikuwa la kurekodi chumba kitupu. Fundi wa sauti aliniketisha mbele ya maiki, akaniambia nifunge mdomo, nisisogeze kiti, nipumue kwa pua polepole. Akabonyeza kitufe akatoka nje. Aliporudi, alinivisha hedifoni akaicheza ile nusu dakika. Nilidhani sitasikia kitu. Nilisikia feni ya kompyuta, maji yakipita kwenye bomba la ukutani, na mbali kabisa mtu akiita abiria wa Karatina.

"Huo ni ukimya wa chumba," akasema. "Kila chumba kina wake. Ukikata neno ukaacha pengo kavu, msikilizaji anashtuka, kama mtu anayeshuka ngazi akakosa kidato. Basi unalijaza pengo kwa ukimya wa chumba kile kile. Hatajua kama palikatwa."

Alikuwa mzee Mwislamu, mzaliwa wa Majengo hapo Nyeri mjini, na Kiswahili chake kilinifanya nione aibu na changu. Nilimwita mzee, yeye aliniita mwanangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na hakuna mtu aliyekuwa ameniita hivyo kwa muda mrefu.

Wanafunzi wengine huingia redioni kwa barua ya chuo. Mimi niliingia na tangazo la kifo. Mama mwenye nyumba wangu wa Gatitu alikuwa amefiwa na dada yake, akanituma mjini na karatasi. Mlango wa studio ulikuwa wazi. Nikasimama hapo nikauliza ile mistari ya kijani inayoruka kwenye kompyuta ni nini, kwa nini ukutani pamebandikwa trei za mayai, kwa nini mtangazaji hasikiki akimeza mate. Mzee alijibu mpaka akachoka.

"Ulisoma wapi wewe?"

"Niliacha kidato cha pili."

"Kwani karo?"

"Hapana. Nilichoka kukaa."

Alicheka mpaka akavua miwani. Lakini ndiyo ilikuwa kweli. Tangu niache shule nilikuwa nimefua mashuka ya hoteli Nanyuki, nimehesabu kondoo kwenye ranchi, nimekaanga chapati Kiganjo karibu na chuo cha polisi. Kila mahali nilikaa mpaka nikajua kazi inavyokwenda, halafu miguu ikaniwasha. Mzee alisema nirudi Jumatatu. Wanafunzi wa chuo walikuwa wamemaliza muda wao na hakukuwa na mtu wa kuchapa matangazo ya vifo. Meneja alikubali kwa sharti moja: miezi mitatu, bila malipo, na kosa moja tu linatosha kunifukuzisha. Msichana aliyenitangulia alikuwa amesoma mazishi ya watu siku isiyo yake, wakafika waombolezaji na kaburi halijachimbwa.

Huku kwetu mlimani mtu anaweza kukosa habari za dunia nzima asijali, lakini matangazo ya vifo hakosi. Yanasomwa asubuhi, saa saba mchana na saa mbili usiku, na wakati huo hata kinyozi husimamisha mashine. Mzee alikuwa akishangaa bado, baada ya miaka yote hiyo.

"Sisi mtu akifa asubuhi, jioni yuko ardhini. Ninyi mnamweka wiki mbili mkisoma orodha."

Lakini orodha ndiyo tangazo lenyewe. Marehemu ameshaondoka, wanaotangazwa ni waliobaki. Mume wa nani, baba wa nani, babu wa nani, kwa mpangilio. Aliyetajwa ni wa familia. Atakuwa kwenye kijitabu cha mazishi, ataitwa kupigwa picha na jeneza, ataitwa kutupa udongo. Miaka ikipita na shamba likigawanywa, kuna mtu atakayesema kwa chifu: huyu alitajwa, hata redio ilimtaja. Na kuna mtu atakayesema: huyu hakutajwa.

Haya yote niliyajua. Sitaki kusema sikujua.

Mzee alinifundisha kukaa mbali na maiki kwa upana wa kiganja, na kugeuza uso kidogo kwenye herufi p ili isipasuke. Alinifundisha kusoma mstari kimoyomoyo kabla haujafika mdomoni. Kwa r na l alinipa adhabu. Nyumbani kwetu ulimi huzibadilisha ovyo, tunaita kushrabu, na msomaji akishrabu hewani wasikilizaji hutuma ujumbe wa kumcheka mpaka jioni. Kila siku nilisoma kwa sauti, "Lori la Rurii limelala," huku yeye akila njugu na kunyoosha kidole kila nilipokosea. Kidole kilikuwa juu karibu muda wote.

Halafu alinifundisha kukata. Hicho ndicho nilichokipenda. Kwenye kompyuta sauti huonekana kama safu ya vilima. Neno ni kilima, pumzi ni kijilima, kimya ni uwanda. Nilijifunza kuondoa kikohozi, kuondoa "ati" na "yaani" za wageni, na kuunga pumzi na pumzi hata mzee mwenyewe akifumba macho asiusikie mshono. Kila nilichorekodi nilikihamishia kwenye simu yangu, kikiwa bado hakijakatwa, ili nifanye mazoezi nyumbani.

"Kitu kimoja," aliniambia. "Ukimaliza kukata, isikilize yote, toka mwanzo. Na ukigundua kosa, lisahihishe saa ile ile lilipotoka. Kosa la saa saba husahihishwa saa saba. Wasikilizaji wa usiku ni watu wengine."

Jumanne moja mzee alipigiwa simu asubuhi. Dada yake wa Nanyuki alikuwa amefariki. Alichukua kofia na koti akaondoka. Dada alizikwa siku hiyo hiyo bila tangazo, na mzee akabaki huko kwa matanga. Meneja alichungulia mlangoni.

"Madam, uko peke yako leo. Si utaweza?"

"Nitaweza."

"Usiniangushe."

Kulikuwa na matangazo sita. La nne lilikuwa la dereva mstaafu wa lori, wa upande wa Kiganjo. Fomu ililetwa na mwanawe mkubwa, mwanamume mpole wa mwandiko mzuri. Mume wa fulani na fulani. Wake wawili. Jina la mke wa kwanza nilisoma vizuri. Jina la ubatizo la wa pili lilikuwa na r na l zimefuatana, na ulimi wangu ukazigeuza. Nikasimama, nikavuta pumzi, nikalisema tena, safari hii sawasawa, nikaendelea mpaka mwisho.

Zilibaki dakika kumi kufika saa saba. Kwenye kompyuta niliviona vilima viwili vinavyofanana, jina lililokosewa na jina lililosahihishwa, vimekaa bega kwa bega. Nilipaswa kufuta cha kwanza. Nilivuta kivuli juu ya vyote viwili nikafuta. Nikasikia pengo kavu, nikalijaza kwa ukimya wa chumba, nikaucheza mshono mara mbili. Ulikuwa mzuri. Nilisikiliza mshono, sikusikiliza maneno. Toka mwanzo sikurudia. Muda ulikuwa umekwisha.

Saa saba nilisimama dirishani nikijisikiliza. Kwenye vibanda vya chini niliona watu wametulia, na sauti iliyowatuliza ilikuwa yangu. Tangazo la dereva lilipita na sikugundua kitu. Lilirudi saa mbili usiku, likarudi tena Jumatano asubuhi. Meneja alikuja akiwa na kikombe cha chai.

"Ulisoma poa sana. Mzee amekufunza. Jumatatu utasoma live, saa saba."

Nilimpigia simu mama mwenye nyumba kumwambia. Alisema nisisahau kuanua nguo.

Jumatano hiyo hiyo, kabla ya saa sita, mwanamke aliingia mapokezi. Alikuwa na leso kiunoni juu ya sweta, na mikono ya mtu anayekata sukuma wiki siku nzima. Nilimfahamu kwa sura. Alikuwa na meza ya mboga pale Gatitu.

"Nataka kuona ule msichana alisoma kifo ya bwana yangu," akasema.

Nilitoka studio. Meneja naye alikuwa ametokea ofisini.

"Pole sana, mama. Kwani kuna shida gani?"

"Mmenitoa. Walisoma bibi mmoja. Nilikuwa nimekaa na majirani, wamekuja kunipa pole, tukaongeza redio. Wote wakasikia bibi ni mmoja. Hata hakuna mtu aliongea. Waliamka tu mmoja mmoja, wakaenda."

"Sisi hatutoi mtu, mama. Tunasoma ile kitu tumeletewa." Akanigeukia. "Si ulisoma vile imeandikwa?"

Hapo ndipo nilipolielewa lile pengo. Nililiona kabisa, vilima viwili na kivuli juu yake. Fomu ilikuwa kwenye msumari ukutani, nyuma ya dada wa mapokezi, hatua mbili tu kutoka nilipokuwa. Meneja alikuwa ananitazama. Nikaiona Jumatatu.

"Nilisoma vile imeandikwa," nikasema.

Na kweli nilikuwa nimesoma.

Yule mama alitikisa kichwa polepole. "Basi ni yeye. Ni huyo kijana. Aliapa mbele ya wazee ataniandika. Akasema, mama mdogo, usijali."

"Hayo sasa ni mambo ya familia, mama," meneja akasema. "Sisi hatuwezi ingia hapo."

"Najua." Alifunga leso upya. Alipofika mlangoni aligeuka, akanitazama mimi. "Asante, kairitu, binti yangu. Angalau wewe umenielezea ukweli."

Wote walipokwenda chakula cha mchana niliichukua ile fomu. Jina lake lilikuwa mstari wa pili. Kijana alikuwa amelipigia mstari chini kwa rula. Niliichomeka tena kwenye msumari, chini ya nyingine zote. Saa saba ilipofika nilikaa mbele ya kompyuta. Ningeweza kulirekodi tangazo upya kwa dakika mbili tu. Matangazo ya siku hiyo yalipokwisha, nilicheza muziki.

Alhamisi dada wa mapokezi aliniita.

"Sis, kuna jamaa amepiga mara mbili. Ni ya lile tangazo la Kiganjo. Anataka kuongea na msomaji."

"Mwambie nitampigia."

"Mwambie mwenyewe, namba ndiyo hii."

Niliiandika kwenye kiganja. Jioni nilifua nguo. Mzee naye ningeweza kumpigia, lakini nilijiambia yuko matangani, si vizuri kumsumbua. Nilikuwa na sababu nyingi wiki hiyo, na zote zilikuwa na adabu.

Jumamosi nilikwenda mazishini. Sikwenda kusahihisha chochote. Nilitaka kuona, kama nilivyotaka kuona kila kitu maishani mwangu. Nilijiambia huenda nyumbani wameelewana, huenda redio si kitu.

Boma lilikuwa barabara ndefu ya vumbi kutoka Kiganjo, na hema mbili zimesimamishwa kwenye shamba lililovunwa. Nilijiunga na wanawake waliokuwa wakiosha sahani nyuma ya jiko. Mgeni anayefanya kazi haulizwi ni nani. Yule mama nilimwona hema la pili, mstari wa nyuma, na mtoto upande huu na mtoto upande huu, kati ya majirani wa Gatitu.

"Ule ndio wa Gatitu?" akauliza mwanamke aliyekuwa karibu yangu.

"Ndiye. Jumatano alikuja hapa mkutanoni, akaita kijana mwongo mbele ya wazee. Kijana akasema, mimi niliandika. Akasema, redio wamekana, wewe ni mwongo kama babako."

"Wooi! Na babake amelala mochari?"

"Amelala mochari. Kijana akasema, ngojeni nipigie redio. Kesho yake akapiga, akapiga. Hakuna mtu alimrudishia. Jioni akasimama akasema, sawa, kama redio imesema bibi ni mmoja, basi ni mmoja. Akapigia mtu wa kuchapisha kijitabu, akamwambia toa hilo jina."

"Lakini ilikuwa imekubaliwa."

"Ilikuwa imekubaliwa. Hata mama mkubwa alikuwa amekubali, na unajua vile huyo ni mgumu. Wewe, suuza hiyo sahani vizuri, ama unaiogopa?"

Nilisuuza. Maji yalikuwa ya baridi na mafuta yalikataa kutoka.

Walipofika kaburini mwendeshaji aliita kwa kipaza sauti, akifuata kijitabu. Mke. Watoto. Wajukuu. Ndugu wa marehemu. Kanisa. Madereva waliofanya kazi na marehemu. Mwisho kabisa akasema, "Na majirani na marafiki, kama wako." Yule mama akaja na watoto wake katika kundi hilo. Aliokota udongo kidogo, akawapa watoto kidogo, wakatupa. Hakulia. Mwanamume mmoja nyuma yao alimwambia asogee, wengine nao wapate nafasi.

Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Ndani yake kulikuwa na ile rekodi ya Jumanne, haijakatwa.

Nilimfuata yule mama watu walipokuwa wakitawanyika kwenda kula. Alikuwa amesimama kando ya choo cha mabati, anamfunga mtoto mdogo kamba ya kiatu. Aliponiona alijaribu kutabasamu.

"Kairitu. Hata wewe umekuja? Mungu akubariki."

Nikampa hedifoni ndogo za simu. Alivaa moja. Nikacheza. Nilitazama uso wake nikajua rekodi imefika wapi. Kwanza jina la mama mkubwa. Halafu lake, limekosewa. Pumzi. Halafu lake, sawasawa.

Alinirudishia hedifoni, akauzungusha vizuri waya wake kwanza.

"Aliniandika," akasema.

"Aliandika. Hata alipiga mstari. Mimi ndiye nilikata. Nilikosea kukata."

"Hii umekuwa nayo tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

"Na nikikuja Jumatano ulikuwa nayo."

"Ndiyo, mama."

Alitazama upande wa nyumba. Yule kijana alikuwa mlangoni, anapokea mikono ya watu.

"Ungesema Jumatano," akasema, "ningekukasirikia mpaka Alhamisi tu."

Simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vitufe, haikuweza kutumiwa rekodi. Nilitoa kadi ya memori kwenye yangu nikampa. Ilikuwa na mazoezi yangu yote ya miezi miwili, kila tangazo, kila "Lori la Rurii". Aliifunga kwenye ncha ya leso, akafunga fundo la pili, akawashika watoto mikono, akaenda pale mlangoni. Sikusikia alichosema. Niliona anafungua fundo. Niliona kijana anatikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu aliyechoka tu, anaonyesha kwa kidole kaburi lililokwisha kufukiwa. Kisha akaingia ndani. Mtu aliyekuwa nyuma yake akaurudisha mlango.

Mzee alirudi kazini Jumatatu. Nilimweleza yote kabla hajavua koti. Hakunikemea. Alikwenda kwenye msumari, akapekua mpaka fomu ya chini kabisa, akaisoma, akaniwekea mezani pamoja na kalamu.

"Andika."

"Meneja atakataa."

"Meneja nitasema naye mimi. Wewe andika. Saa saba."

Nilisikia sauti ya meneja ofisini kupitia ukutani, kisha nikasikia ya mzee, ya chini, kwa muda mrefu. Saa saba taa nyekundu iliwaka. Hiyo ndiyo live yangu ya kwanza. Nilisema kwamba katika tangazo la juma lililopita jina la mke wa pili wa marehemu liliachwa kwa kosa la msomaji na si la familia, na kwamba familia ilikuwa imeliandika. Nikalitaja jina lake. R ilikaa mahali pake na l mahali pake. Sikumeza mate, sikugonga maiki. Upande wa pili wa kioo meneja alikuwa amekunja mikono. Mzee alikuwa anatazama saa, na nilipomaliza alisogeza kitufe, likaingia tangazo la mbolea.

Nilivua hedifoni nikaziweka juu ya kiti. Hakuna aliyepiga simu. Kosa moja lilikuwa limetosha, na niliporudi Gatitu jioni kufunga vitu vyangu nilipita njia ya juu, isiyopita kwenye meza yake ya mboga, na mpaka leo sijui kama siku hiyo alikuwa na redio.